Carey Francis: Mwanahisabati wa Cambridge aliyekuja kufundisha hesabu Maseno

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, simu zetu hapa studioni hazipumziki. Kuna mzazi kutoka Mbozi, mwingine kutoka Kilolo, mwingine kutoka Mufindi, na swali lao ni lile lile: kwa nini watoto wetu wanafaulu masomo mengine, lakini hisabati inawashinda? Swali hilo ni la haki. Kwa miaka kadhaa sasa, nchini kwetu, mwanafunzi anayefaulu hisabati ya kidato cha nne ni mmoja kati ya watano, na mwaka ukiwa mzuri ni mmoja kati ya wanne.

Wataalamu wengi wa elimu wakiulizwa tatizo linaanzia wapi, hawaonyeshi kidato cha nne. Wanaonyesha darasa la kwanza, la pili na la tatu. Na wakionyesha darasa la kwanza, wanamwonyesha mwalimu: nani alimfundisha yule anayefundisha? Kwa hiyo katika makala hii, ndugu msikilizaji, tumeona tukusimulie maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake linajulikana sana kwa majirani zetu wa Kenya, ingawa huku Nyanda za Juu Kusini ni wachache wanaomfahamu. Alikuwa mwanahisabati wa kiwango cha juu kabisa. Angeweza kumaliza maisha yake katika chuo kikuu kikubwa duniani. Badala yake alikuja Afrika Mashariki kufundisha watoto kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya.

Jina lake ni Edward Carey Francis.

Mtoto wa London, kijana wa vita

Carey Francis alizaliwa London, Uingereza, mwezi Septemba mwaka 1897. Alisoma katika shule ya William Ellis, na tangu mapema ilionekana kwamba kichwa chake ni cha hesabu. Vita Kuu ya Kwanza ikamkuta kijana, naye kama vijana wengi wa rika lake akaingia jeshini. Wengi hawakurudi. Yeye alirudi, akaenda kusoma hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge, kwenye koleji ya Trinity, koleji ile ile aliyosoma Isaac Newton.

Pale Cambridge alifaulu kwa daraja la juu kabisa. Mwaka 1922, akiwa na umri wa miaka 25 tu, akapata kazi ya kufundisha hisabati katika koleji ya Peterhouse, ambayo ndiyo kongwe kuliko zote za Cambridge, kwani ilianzishwa mwaka 1284. Huko akawa msimamizi wa masomo ya hisabati. Kwa mtu wa umri wake, hiyo ilikuwa njia iliyonyooka: ungefanya utafiti, ungeandika vitabu, ungeheshimiwa, na uzeeni ungekaa karibu na moto ukiwa na pensheni yako.

Na vitabu alianza kuandika. Pamoja na J. E. Littlewood, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa Uingereza wa karne ya 20, alitunga kitabu cha mazoezi kuhusu mfululizo wa namba usio na mwisho. Jina hilo linatisha, lakini jambo lenyewe unaweza kulielewa ukiwa jikoni kwako.

Chukua kiazi kimoja. Kikate nusu, nusu moja weka sahanini. Nusu iliyobaki mkononi ikate tena katikati, kipande kimoja weka sahanini. Sasa sahanini una robo tatu. Kilichobaki kata tena nusu, uweke. Sahanini una sehemu saba kati ya nane. Endelea tena, utakuwa na sehemu kumi na tano kati ya kumi na sita. Ungeweza kuendelea hivyo siku nzima, mwaka mzima, daima ukiongeza kitu sahanini, na bado sahani yako isingezidi kiazi kimoja. Unaongeza bila kikomo, lakini jumla ina kikomo. Mambo ya namna hiyo ndiyo waliyokuwa wakiyachambua Francis na Littlewood, kwa undani zaidi kuliko kiazi chetu.

Uamuzi uliowashangaza wenzake

Mbali na hisabati, Francis alikuwa mtu wa dini. Pale Cambridge alisimamia shule ya Jumapili ya watoto katika mtaa wa Jesus Lane. Siku za kazi alifundisha wasomi vijana hisabati ngumu, na Jumapili alikaa na watoto. Tunaweza kusema kwamba hapo ndipo maisha yake yalipoanza kugeuka.

Mwaka 1928 aliacha kazi yake Peterhouse. Akajiunga na shirika la wamisionari wa Kianglikana, CMS, na mwezi Oktoba mwaka huo, akiwa na miaka 31, akafika Maseno, Nyanza, magharibi mwa Kenya, si mbali na Kisumu. Maseno iko pale pale mstari wa ikweta unapopita. Shule ilikuwa imeanzishwa na CMS mwaka 1906, na Francis alikuja kuwa mwalimu mkuu wake.

Hebu tulipime jambo hili vizuri. Maseno ya wakati huo haikuwa sekondari kamili kama tunavyozijua leo. Vijana waliotaka kuendelea zaidi walilazimika kwenda kwingine. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akifundisha hisabati za juu kabisa za Uingereza alikuja kusimama mbele ya vijana ambao wengine walikuwa bado wanapambana na sehemu na desimali. Mshahara wa mmisionari ulikuwa mdogo. Hakuoa maisha yake yote, na aliishi kwa vitu vichache.

Wapo waliodhani anapoteza kipaji chake. Yeye aliona vingine. Kwake, somo la hesabu la mtoto wa miaka kumi halikuwa kazi ya chini iliyofaa kuachiwa mtu yeyote. Ilikuwa kazi inayohitaji mtu anayeijua hisabati kwa ndani, kwa sababu mtoto akiwekewa msingi mbovu, nyumba nzima itapasuka baadaye.

Alivyofundisha

Waliopita mikononi mwake walimkumbuka kwa mambo mawili makubwa: ukali na juhudi. Alitaka usahihi. Hesabu iliyokaribia kuwa sahihi, kwake ilikuwa imekosewa. Kazi ilipaswa kuandikwa kwa usafi, hatua kwa hatua, ili anayesoma aone umetoka wapi na umefikaje. Adhabu ya viboko ilikuwepo, kama ilivyokuwa katika shule nyingi za zama zile, na aliitumia. Lakini huyo huyo mwalimu mkali jioni alikuwa uwanjani amevaa kaptula anacheza mpira na wanafunzi. Mpira wa miguu aliupenda sana, na aliuona kuwa sehemu ya shule, mahali pa kujifunza kushinda bila majivuno na kushindwa bila kinyongo.

Aliandika pia vitabu vya hesabu kwa ajili ya watoto wa shule za Kiafrika, vikatumika Kenya na kwingineko Afrika Mashariki. Hapa ndipo tunaona uzito wa kazi yake kwa walimu wa shule za msingi. Katika miaka ile, mwalimu wa kijijini mara nyingi alikuwa kijana aliyesoma miaka michache tu. Hakuwa na maktaba, hakuwa na mtu wa kumuuliza. Kitabu kizuri cha hesabu mikononi mwake kilikuwa ndicho chuo chake cha ualimu. Kilimpangia aanze na nini, afuate nini, mtoto afanye mazoezi mangapi kabla ya kusonga mbele. Mwalimu alijifunza huku akifundisha.

Vijana wengi waliotoka Maseno walikwenda kuwa walimu wenyewe, katika shule ndogo za misheni zilizotapakaa Nyanza. Mmoja wa wanafunzi wa Maseno wa wakati wa Francis ni Jaramogi Oginga Odinga. Alitoka pale akaenda Alliance, kisha Makerere, halafu akarudi Maseno kufundisha. Baadaye aliingia siasa na kuwa Makamu wa Rais wa kwanza wa Kenya. Wengi tunamjua Odinga mwanasiasa, lakini kabla ya jukwaa kulikuwa na ubao na chaki.

Mwaka ule ule, huku kwetu Malangali

Sasa tuvuke mpaka turudi nyumbani, maana kuna jambo ambalo msikilizaji wetu wa Mufindi atalipenda.

Mwaka huo huo wa 1928, Francis alipofika Maseno, huku Iringa kulikuwa na Mwingereza mwingine, W. Bryant Mumford, aliyekuwa akianza jaribio lake katika shule ya Malangali. Mumford alikuwa ofisa wa elimu wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Wazo lake lilikuwa kwamba shule isimtoe mtoto wa Kiafrika katika mila zake. Kwa hiyo Malangali ilijengwa kwa kufuata maisha ya makabila ya huku: wazee walipewa nafasi ya kufundisha desturi, ngoma na michezo ya jadi ilikuwa sehemu ya shule, na ufugaji na kilimo vikawa masomo. Mumford aliandika kuhusu jaribio hilo katika jarida la kitaalamu mwaka 1930, na Malangali ikasomwa na watu wa mbali.

Wazo hilo halikutoka hewani. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, iliyotoka Marekani, ilitembelea Afrika Mashariki na kupendekeza elimu inayolingana na mazingira ya Mwafrika: kilimo, afya, ufundi, maisha ya kijiji. Kwa upande mmoja lilikuwa wazo la maana. Nani asiyetaka mtoto ajue kulima na kuheshimu wazee wake? Lakini kwa upande wa pili, Waafrika wengi walilitilia shaka. Waliona kwamba elimu ya aina ya pekee kwa Mwafrika inaweza kuwa njia ya kumfungia mlango wa elimu anayoipata Mzungu. Kama daktari, mhandisi na hakimu lazima wajue hisabati na Kiingereza, na mtoto wangu anafundishwa kilimo tu, basi atabaki kuwa kibarua wa nani?

Francis alisimama upande wa pili wa mjadala huo. Kwake mwanafunzi wa Maseno alipaswa kupimwa kwa kipimo kile kile anachopimwa mwanafunzi wa Uingereza. Hakuna hisabati ya Mwafrika na hisabati ya Mzungu. Mbili mara mbili ni nne Malangali, ni nne Maseno, na ni nne Cambridge.

Mpaka leo mjadala huo haujaisha. Kila mtaala unapobadilishwa tunausikia tena: tufundishe stadi za kazi au tufundishe masomo ya kichwani? Inafaa tujue kwamba watu walishaanza kubishana juu ya jambo hili miaka karibu mia moja iliyopita, na kwamba mojawapo ya sehemu walikobishania ni Iringa yetu.

Miaka 22 ya Alliance

Mwaka 1940, baada ya miaka 12 Maseno, Francis alihamishiwa Kikuyu, karibu na Nairobi, kuwa mwalimu mkuu wa Alliance High School. Shule hiyo ilifunguliwa mwaka 1926 kwa ushirikiano wa makanisa ya Kiprotestanti, na ilikuwa shule ya sekondari iliyochukua vijana wa Kiafrika kutoka kila pembe ya Kenya. Alikaa hapo hadi mwaka 1962. Miaka 22 shule moja!

Chini yake Alliance ikawa shule inayoogopwa kwenye mitihani ya Cambridge, ile mitihani iliyosahihishwa Uingereza. Vijana wake walijaza Makerere. Tukumbuke kwamba kwa miaka mingi Makerere, iliyoanzishwa mwaka 1922, ndiyo ilikuwa tumaini la elimu ya juu kwa Waafrika wa Kenya, Uganda na Tanganyika. Walimu wengi wa Kiafrika wa sekondari na wa vyuo vya ualimu walipata stashahada zao pale. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe aliingia Makerere mwaka 1943 na akatoka na stashahada ya ualimu.

Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alisoma Alliance kuanzia mwaka 1955 hadi 1958, na ameieleza shule hiyo na mwalimu mkuu wake katika kitabu cha kumbukumbu zake. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, mawaziri wengi wa baraza la kwanza walikuwa wamepita Alliance. Ni nadra mwalimu mmoja wa shule moja kuacha alama kubwa namna hiyo katika serikali ya nchi.

Upande wake mwingine

Tukisimulia maisha ya mtu aliyekwisha kufa, ni rahisi kumvika kilemba cha utakatifu. Hatutafanya hivyo. Francis alikuwa mtu wa zama zake, na zama zake zilikuwa za ukoloni.

Alikuwa mzungu mwenye mamlaka juu ya vijana wa Kiafrika, na aliamini kwamba yeye anajua lililo jema kwao. Siasa za kudai uhuru kwa haraka hakuzipenda. Aliona nchi inahitaji kwanza watu walioiva kielimu na kitabia, na kwamba kazi hiyo inataka muda. Wanafunzi wake wengi hawakukubaliana naye. Wao waliuliza: nani aliyempa mkoloni haki ya kusema lini tumeiva? Na historia ilikuwa upande wao.

Hali ya hatari ilipotangazwa Kenya mwaka 1952, kwa sababu ya vita vya Mau Mau, shule ya Alliance ilikuwa katikati ya Wakikuyu, katikati ya moto. Francis aliipinga Mau Mau waziwazi. Lakini pia alilalamika kwa wakubwa wa serikali kuhusu vipigo na mateso yaliyofanywa na askari wa serikali hiyo hiyo dhidi ya raia. Kuna waliomwona kuwa baba aliyewakinga. Kuna waliomwona kuwa mkono mmoja wa ukoloni, uliovaa glavu laini. Pengine wote walikuwa na sehemu ya ukweli.

Kuna jambo jingine. Alliance ilichukua vijana wachache, tena wavulana. Wasichana wa Kiafrika walisubiri hadi mwaka 1948 ndipo shule yao ya jirani, ambayo leo ni Alliance Girls, ilipofunguliwa. Kwa kila kijana mmoja aliyekaa dawati la Alliance akifundishwa na mwanahisabati wa Cambridge, kulikuwa na maelfu ya watoto vijijini waliofundishwa na mtu aliyejua kidogo tu kuliko wao, au ambao hawakufundishwa na yeyote. Elimu bora kwa wachache inajenga nchi, lakini pia inaweza kujenga tabaka.

Njia tuliyoifuata sisi

Tanzania ilichagua njia nyingine, na hapa radio inaingia moja kwa moja katika hadithi.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, akikosoa elimu inayowatenga wachache na wananchi wenzao. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likataka kila mtoto wa umri wa shule aingie darasa la kwanza, na lengo likawa mwaka 1977. Ikabaki hesabu moja ngumu: watoto watajaa madarasani, walimu watatoka wapi? Vyuo vilivyokuwepo visingeweza kuwatoa kwa wakati.

Jibu lilikuwa kuchukua vijana waliomaliza darasa la saba na kuwafanya walimu wakiwa kazini. Kuanzia mwaka 1976 walifundisha kwa saa chache kwa siku, na muda uliobaki walijifunza: masomo kwa njia ya posta, vikundi vya kujisomea chini ya mratibu, na vipindi vya radio. Zaidi ya vijana elfu 40 waliingia katika mpango huo, na wengi wao walihitimu. Baadhi ya wazee wanaotusikiliza leo, huko Makete, Ileje na Ludewa, walifundishwa na walimu hao, na wengine ndio walikuwa walimu wenyewe.

Watu waliwatania kwa kugeuza herufi za UPE kuwa Ualimu Pasipo Elimu. Utani huo uliumiza, na haukuwa wa haki kwa watu waliobeba mzigo wa taifa wakiwa vijana wadogo. Wengi wao walifundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa moyo mkubwa, na nchi ikapata watu wanaojua kusoma kwa wingi usiowahi kuonekana kabla. Lakini ndani ya utani kulikuwa na swali la kweli, nalo ni swali la Francis: je, mtu anaweza kufundisha vizuri hesabu ambayo yeye mwenyewe haielewi kwa ndani?

Ukweli ni kwamba kila njia ina gharama yake. Ukichagua ubora kwanza, wengi wanabaki nje. Ukichagua wingi kwanza, ubora unayumba na utachukua miaka mingi kuurudisha. Leo tuna vyuo vya ualimu hapa hapa: Kleruu pale Iringa, Mpuguso na Tukuyu kule Rungwe. Kazi inayobaki ni kuviunganisha vyote viwili, yaani kila mtoto awe darasani, na kila darasa liwe na mwalimu anayeielewa hesabu anayofundisha.

Kuelewa kwa ndani maana yake nini?

Tutoe mfano. Mtoto anaulizwa 52 kutoa 27. Anatazama upande wa kulia: 2 kutoa 7 haiwezekani. Basi anageuza, anafanya 7 kutoa 2, anapata 5. Kisha 5 kutoa 2 ni 3. Anaandika 35. Jibu sahihi ni 25.

Mwalimu asiyeelewa ataweka mkasi mwekundu na kupita. Mwalimu anayeelewa atajua kosa limetoka wapi: mtoto hajajua kwamba ile 5 ni makumi matano. Atachukua vijiti 52, mafungu matano ya kumi kumi na viwili vya peke yake. Atamwambia mtoto atoe 27. Mtoto atajionea mwenyewe kwamba lazima afungue fungu moja. Siku hiyo mtoto huyo hajifunzi kukopa kwa kukariri, anajifunza namba ni nini. Vijiti havinunuliwi. Viko njiani.

Na kwa nini jambo hili lina uzito kwetu? Mkulima wa viazi wa Uporoto au Kilolo analijua jibu. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100. Mnunuzi analeta gunia lenye kilemba, lumbesa. Tuseme kwa mfano kilemba hicho ni kilo 30. Ukiuza magunia 10, umetoa kilo 300 za bure, sawa na magunia matatu kamili. Umeuza 13, umelipwa 10. Mtu anayeiona hesabu hiyo kichwani papo hapo shambani, kabla lori halijaondoka, si rahisi kudhulumiwa. Asiyeiona atajua msimu umekwisha na mfukoni hakuna kitu, bila kujua kilipotelea wapi.

Miaka ya mwisho, Pumwani

Mwaka 1962 Francis alistaafu Alliance akiwa na umri wa karibu miaka 65. Wengi walitarajia atarudi Uingereza, kwenye nyumba ndogo yenye bustani. Hakurudi. Alikwenda Pumwani, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Nairobi, akaomba kufundisha katika shule ya sekondari ya hapo. Hakwenda kama mwalimu mkuu. Alikwenda kama mwalimu wa kawaida, chini ya uongozi wa mwingine, akasimama tena mbele ya ubao.

Katika maisha yake yote, sehemu hii ndiyo inayotugusa zaidi. Mtu aliyekuwa na wanafunzi wake wa zamani wakiwa mawaziri, wengine wakipeperusha bendera kwenye magari yao, alikuwa akisahihisha madaftari ya watoto wa Pumwani.

Alifariki tarehe 27 Julai 1966, mjini Nairobi, akiwa na miaka 68, baada ya karibu miaka 38 katika Kenya. Miezi michache kabla, mwezi Aprili, mwanafunzi wake wa zamani Odinga alikuwa amejiuzulu Makamu wa Rais. Nchi changa ilikuwa tayari inaingia katika mivutano yake. Lakini kwenye shule za Nyanza, Kikuyu na kwingineko, walimu waliofundishwa na waliofundishwa na yeye walikuwa wakiingia madarasani kila asubuhi.

Tunachobaki nacho

Ndugu msikilizaji, hatukusimulia haya ili tumsubiri Mzungu mwingine kutoka Cambridge. Wakati huo umepita, na vema umepita. Tumesimulia kwa sababu Carey Francis alilielewa jambo ambalo sisi tunalisahau: kwamba mwalimu wa hesabu wa watoto wadogo ndiye anayeshika mzizi. Sisi mara nyingi tunafanya kinyume. Kijana akifaulu sana tunamwambia awe daktari au mhandisi. Akifaulu kidogo tunamwambia, basi hata ualimu. Neno hilo, hata ualimu, ndilo linalotugharimu.

Kama una kijana nyumbani anayependa hesabu na anawaza kwenda chuo cha ualimu, usimvunje moyo. Kama wewe ni mwalimu wa darasa la kwanza au la pili unatusoma kwenye simu yako jioni hii, huku taa ya sola inafifia na madaftari yamejaa mezani, ujue kazi yako haijawahi kuwa ndogo. Na kama wewe ni mzazi, kesho muulize mwanao hesabu moja ukiwa sokoni au shambani. Akikosea, usimchape. Muulize amefikaje hapo. Hapo ndipo somo linapoanza.

Endelea kuwa nasi.